Usiniambie Umeshinda, Niambie Ulihesabu Nini

Kuna neno moja ningelipiga marufuku Kenya nzima kama ningepewa madaraka kwa siku moja tu. Neno lenyewe ni "ilishika".

Hapa Keringet utalisikia kwa steji ya boda, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa watu wakisubiri chai. Msee ameweka mkeka wa mechi kumi, ilishika. Mwingine amepanda viazi wakati kila mtu anamwambia mvua haiji, ilishika. Mwingine amekopa kwa simu akanunua pikipiki ya pili kabla hajamaliza kulipia ya kwanza, na hiyo pia ilishika. Ikishashika, maswali yamekwisha. Hakuna anayemuuliza alifikiria nini. Ameomoka, kwa hivyo ana akili. Na yule ambaye haikushika ni fala, hata kama alikesha na kalamu akipiga hesabu.

Mimi nasema watu wanaopima akili kwa njia hiyo wataliwa na kampuni za kamari mpaka soksi. Na shahidi wangu si mchumi wala mhubiri. Shahidi wangu ni karata.

Sisemi ile kadi ya "niko kadi" mliyocheza bwenini mkingoja taa zizimwe. Ile naipenda, lakini ukigawiwa mbili na tatu za kutosha hata usingizini unashinda. Nasema bridge.

Najua, najua. Bridge ni ya wazee wa kizungu wenye sweta na mbwa. Ni kweli iliingia nchini mikononi mwa watu hao. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa 1913, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia ukumbini pale akiwa amebeba trei. Bridge kama inavyochezwa leo ilipata sura yake 1925, pale tajiri mmoja wa Marekani, Harold Vanderbilt, alipojaribu namna mpya ya kuhesabu pointi akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama. Sawa, mchezo wa mabwana. Hata mpira wa miguu ulikuja kwa meli, na sijaona mtu akiurudisha.

Mimi nilifundishwa na mzee jirani yetu aliyekuwa karani kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho. Yeye alijifunza kwa kusimama nyuma ya viti vya wakubwa wake wikendi, akingoja kutumwa soda na barafu. Aliona karata za mtu mmoja kati ya wanne, jioni baada ya jioni, na akazoea kukisia za wale watatu wengine. Hakuna mwalimu aliyempa mtihani. Leo akinikosoa huanza kwa kuniita "weri", kijana, halafu ananyamaza kwa muda mrefu, na ule unyamavu ndio somo.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne, wawili wawili, wanaokabiliana ni timu moja. Karata 52, kila mtu 13. Kila mmoja akitoa karata moja, zile nne ni duru, na mwenye kubwa anaila. Kabla ya kucheza kuna mnada: timu zinashindana kuahidi zitakula duru ngapi, na kama kutakuwa na turufu au la. Ahadi ya juu ndiyo mkataba. Mmoja wa timu iliyoahidi anakuwa mwenye mkataba. Mpinzani akishatoa karata ya kwanza, mwenzake mwenye mkataba anazilaza zake zote mezani, wazi, na kuanzia hapo hasemi kitu, ndiye bubu. Mwenye mkataba anazichezesha karata za bubu pamoja na zake.

Kwa hivyo anaona karata 26 na haoni 26. Hapo ndipo penye kila kitu. Drafti ya vizibo pale steji haina kitu kilichofichwa, sataranji vilevile. Ukishindwa ni wewe hukuona. Na kwenye bahati nasibu kila kitu kimefichwa. Bridge iko katikati, na katikati ndipo mimi na wewe tunapoishi: nusu tunaiona, nusu hatuioni, na lazima tutoe karata.

Sasa chukua mfano. Usiogope, ni hesabu ya darasa la nane.

Mkataba wako ni duru tisa bila turufu. Wapinzani wameanza na kopa na wamekung'oa asi yako ya kopa. Wakishika usukani tena, watakula kopa zao zilizobaki na mkataba umekufa. Umehesabu duru zako za uhakika, umepata nane. Unatafuta moja, na inaweza kutoka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni pau: bubu ana asi, kingi, kwini na mbili, nawe mkononi una tano, nne, tatu. Mna pau saba, kwa hivyo wapinzani wana sita. Zikiwa zimegawanyika tatu kwa tatu, ukishatoa zile kubwa tatu wote wamekwisha, na ile mbili ya bubu, karata ndogo kabisa, inakula duru. Sehemu ya pili ni shupaza: mkononi una asi na kwini, bubu ana ndogo mbili. Kingi yuko kwa mmoja wa wapinzani. Ukiongoza shupaza ndogo kutoka kwa bubu, na kingi akawa kwa yule aliye kulia kwako, yeye anatoa kabla yako, kwa hivyo umemshika: akitoa kingi unamla kwa asi, asipotoa unaweka kwini na inapita. Kingi akiwa kushoto, kwini inaliwa na umekwenda na maji. Nusu kwa nusu.

Ungefanya nini?

Wengi hukimbilia kwini. Wengine wanasema pau sita lazima zigawanyike tatu kwa tatu, kwa sababu moyoni mwao wanaamini dunia hugawa kwa haki. Haigawi. Sita hugawanyika tatu kwa tatu mara 36 hivi kati ya 100. Nne kwa mbili ndiyo ya kawaida, mara 48. Kwa hivyo mwenye hesabu nusunusu anasema: kwini ni 50, pau ni 36, naenda na kwini.

Lakini nani alikwambia uchague? Toa pau kwanza. Asi, kingi, kwini, zote unakula wewe, hujawapa wapinzani nafasi. Zikianguka tatu kwa tatu, mkataba umetimia na shupaza hukuigusa. Zisipoanguka, bado uko kwa bubu, bado hujapoteza chochote, na ndipo sasa unaongoza shupaza na kujaribu kwini. Hiyo ni 36, ujumlishe nusu ya 64 iliyobaki. Jumla 68. Ukianza na kwini ikaliwa, kopa zinakumaliza kabla hujauliza pau zimekaaje. Karata ni zilezile na bahati ni ileile. Tofauti ya 50 na 68 ni mpangilio tu.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na "ilishika" unapoanza. Weka mezani wachezaji wawili, mmoja wa kwini moja kwa moja, mwingine wa pau kwanza, na uwape mgawo huu mara 100. Mara 50 hivi kingi yuko kulia, na wote wawili wanashinda. Mara 32 kingi yuko kushoto na pau zimekaa vibaya, na wote wawili wanaanguka. Ni mara 18 tu utaona mmoja ameshinda na mwingine ameanguka. Yaani ukitazama matokeo peke yake, mara 82 kati ya 100 huwezi kumjua mwenye akili. Ukija steji kuuliza "nani alishinda?", mara nyingi utapata jibu lisilokuambia kitu.

Na kuna mbaya zaidi. Kuna mikataba ambayo mchezo bora unakufanya uonekane mjinga karibu kila siku. Umeahidi duru kumi kwa turufu ya shupaza, na timu yako iko kwenye hali ile ya dau kubwa. Ukitimiza unapata pointi 620. Duru moja ya ziada inaongeza 30. Ukianguka kwa duru moja unapoteza 100. Sasa, kuna namna ya kucheza turufu inayoachilia duru moja kwa makusudi, ili hata kama turufu zote zimerundikana upande mmoja, usizame. Mchezaji mzembe hafanyi hivyo. Anakokota turufu zote, anakula duru 11, anapata 650, anakutazama wewe mwenye 620 na kucheka. Atacheka wiki hii, atacheka wiki ijayo. Siku turufu zikikaa vibaya, wewe una 620 na yeye ana hasara ya 100, pengo la pointi 720 kwa ajili ya kukimbilia 30. Lakini siku hiyo atakwambia alikuwa na bahati mbaya. Mzembe akishinda ni akili, akianguka ni bahati. Umewahi kukutana na mtu wa namna hiyo? Mimi naishi nao.

Bridge ililiona tatizo hili zamani na ikalitafutia dawa ambayo sijaiona kwenye mchezo mwingine wa karata. Kwenye mashindano, karata zikishachezwa hazichanganywi. Kila mtu anarudisha zake 13 kwenye kibao chenye mifuko minne, na kibao kinapelekwa meza inayofuata, ambako watu wengine wanacheza mgawo uleule. Mwishoni hulinganishwi na mpinzani uliyeketi naye, unalinganishwa na wote walioshika karata zilezile ulizoshika wewe. Ukipewa takataka, wenzako pia walipewa takataka. Swali linabaki moja tu: ulizifanyia nini?

Mwaka 2022 mwezi wa Machi, kule Paris, walifanya hivyo kati ya watu na mashine. Kampuni moja ya Ufaransa, NukkAI, ilileta programu yao iitwayo NooK ikabiliane na mabingwa wanane wa dunia. Hakukuwa na mnada. Mkataba uliwekwa ni uleule, duru tisa bila turufu, na kazi ilikuwa moja: kuwa mwenye mkataba na kuchagua njia. Wote walicheza dhidi ya wapinzani wa kompyuta, migawo 800, imefungwa katika raundi 80 za migawo kumikumi. NooK ilishinda raundi 67. Magazeti yaliandika habari ya mashine kumshinda binadamu, kama kawaida yao. Mimi kilichonigusa ni hizo raundi nyingine 13. Yaani kitu kilichochagua vizuri kuliko mabingwa wa dunia bado kilikosa raundi 13. Kama bora kabisa hukosa, basi kukosa peke yake hakuwezi kuwa ushahidi wa ujinga. Na kupata peke yake hakuwezi kuwa cheti.

Turudi kijijini. Jirani yetu mmoja, mama wa viazi, aliuza shangi zake zote wiki ileile alipozichimba, bei ikiwa chini. Wiki kadhaa baadaye bei ikapanda na maneno yakaanza: hana subira, angengoja, tazama fulani alingoja sasa anajenga. Lakini anayeijua shangi anajua huchipua haraka ikishatoka ardhini. Haikai. Yule mama hana stoo ya baridi, ana chumba chenye mabati na joto la mchana. Alikuwa na ada ya muhula iliyokuwa ikingoja. Kwa alichokuwa anakiona siku ile, kuuza ndiyo ilikuwa karata. Yule "fulani" aliyengoja alikuwa anabahatisha kingi yuko kulia, na safari hii alikuwa kulia. Msimu ujao akirudia atapakia magunia ya machipukizi, na hamtamkumbusha leo. (Sijagusa hata habari ya madalali na gunia la lumbesa. Hiyo ni makala nyingine, na nitaiandika nikiwa nimekasirika zaidi.)

Au tazama juu zaidi. Faith Kipyegon amekulia huku kwetu, watoto wa shule hapa hukimbia wakijiita jina lake. Tarehe 26 Juni 2025, kule Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kukifanya. Alimaliza kwa 4:06.91. Kesho yake kwa steji nilisikia watu wazima wakisema ameshindwa, alidanganywa, angebaki na medali zake tu. Hebu hesabu kama mwenye mkataba. Alikuwa na dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500, kutoka Rio, Tokyo na Paris. Hakuna mtu angemnyang'anya hata moja kwa kujaribu. Alikuwa na umbo la mwaka ule, na hakuna aliyejua kama la mwaka unaofuata litakuwa vile. Cha kupoteza kilikuwa kidogo, cha kupata kikubwa. Hiyo ni kutoa pau kwanza: hujakabidhi usukani kwa mtu. Siku tisa baadaye, kule Eugene, alivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:48.68, na walewale wa steji wakasema walijua tu. Lakini sikilizeni: hata kama Eugene angemaliza wa tano, Paris alikuwa amechagua sawa. Hilo ndilo hamtaki kulikubali.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu kuna watu wanaolijua vizuri sana na wanakula kupitia kwalo. Biashara nzima ya mkeka imejengwa juu ya neno "ilishika". Kijana anaweka mechi kumi. Kila mechi ukiitazama peke yake ni "shua": timu kubwa, nyumbani, dhidi ya timu mbovu. Tuseme kila moja ina nafasi 70 kati ya 100, ambayo ni ukarimu. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi. Utapata chini ya tatu kati ya 100. Akishinda mmoja kati ya wale 100, picha yake na hela zake inazunguka kila simu, anahojiwa, anaulizwa siri yake. Siri gani? Wale 97 wengine walikuwa na siri ileile.

Na kile kindege kinachopaa kwenye simu, watengenezaji wake wenyewe wanasema kinarudisha asilimia 97. Vijana hapa husikia hiyo 97 kama alama ya mtihani. Wanaona ni A. Lakini ni kwa kila mzunguko. Ingia na shilingi 1,000, zungusha yote unayobaki nayo mara 100, na kwa wastani utabaki na kama shilingi 48. Mtoto yeyote aliyewahi kukaa mezani na kulinganisha 50 na 68 angeuliza swali hilo kabla ya kutuma pesa. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuzipa upya leseni kampuni kubwa za kamari, tukapiga makofi, tukadhani ugonjwa umeondoka. Ugonjwa haukuwa kwenye leseni. Ulikuwa, na bado uko, kwenye namna tunavyosifu.

Cha ajabu ni kwamba hizi karata, ambazo zingetufundisha kutoamini mkeka, ndizo tunazozichoma. Shuleni kwangu ukikutwa na pakiti ya karata unaitiwa mzazi. Eti karata ni kamari. Simu yenye programu tatu za kamari iko mfukoni mwa kila mtu, na mtu mzima anatetemeka kwa kuona kopa na uru. Sataranji tumeikubali, ina vyama na mashindano ya shule, nami nafurahi. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho la bridge mwaka 1999, mwaka uleule ilipolitambua la sataranji. Kwenye Michezo ya Asia ya 2018 kule Jakarta bridge ilikuwa na medali, na dhahabu ya wanaume wawiliwawili ilikwenda kwa Wahindi wawili, Pranab Bardhan na Shibhnath Sarkar, mmoja akiwa na miaka 60 na mwenzake 56. Mabarazani Lamu na Mombasa wazee wetu wamecheza karata za turufu vizazi na vizazi bila mtu kuuza shamba. Kwa hivyo usiniambie karata ndiyo shida.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Rafiki yangu wa boda aliniambia: wewe unataka tu kisingizio, ili ukianguka useme "uamuzi ulikuwa sahihi". Ni kweli neno hilo linaweza kuwa kichaka. Wanasiasa watalipenda sana: barabara imesombwa, lakini uamuzi ulikuwa sahihi. Ila bridge ina jibu hata kwa hilo. Mwenye mkataba akiona zilizobaki ni zake, anaruhusiwa kuzilaza mezani na kudai. Lakini kanuni inamtaka aseme papo hapo atazichezaje: hii kwanza, halafu ile, nikikuta hivi nitafanya vile. Akinyamaza, na ikatokea shaka, shaka hiyo inahesabiwa kwa faida ya wapinzani. Si yake. Hawezi kuja baadaye, karata zote zikiwa wazi, aseme "bila shaka ningefanya vile".

Nipeni gavana mmoja, mbunge mmoja, anayedai hivyo. Aseme leo, kabla ya tenda: tumechagua njia hii kwa sababu hizi tatu, tunajua hiki, hatujui kile, ikitokea hivi tutageukia pale. Aandike na aweke tarehe. Halafu mradi ukianguka tusome. Huenda tukakuta alicheza 68 na kingi akawa kushoto, na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea. Huenda tukakuta hakuhesabu kitu. Kwa sasa tunachopata ni utepe ukikatwa, na baadaye lawama, na katikati hakuna hata karata moja iliyoonyeshwa.

Kwangu hili si la nadharia. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nyumbani watu wanangoja waone nitaishia wapi ndipo waamue kama nilikuwa na akili. Nikinunua gari nitakuwa kijana aliyeona mbali. Nikikwama nitatumiwa kutishia wadogo zangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa naona nini mezani siku ile: ada iliyobaki, ng'ombe wawili ambao baba angelazimika kuwauza, kazi za kuandika nilizokuwa tayari nalipwa, na wale wa mbele yangu waliokuwa wamemaliza na vyeti vyao viko chini ya godoro. Nilihesabu karata 26 nilizoziona. Niliandika hesabu hiyo kwenye daftari, ina tarehe, iko mpaka leo. Anayetaka kubishana nami abishane na daftari, si na salio langu la M-Pesa.

Mzee wangu ana kanuni moja ambayo hatuivunji mezani kwake. Bubu akishalaza karata, mwenye mkataba haruhusiwi kugusa chochote mpaka achanganye chai yake taratibu na kuinywa nusu. Mwanzoni niliona ni uzee. Sasa najua mikataba mingi hufia kwenye duru ya kwanza kabisa, mtu ametoa karata kwa sababu mkono ulikuwa unawasha. Nimejaribu kuihamishia kanuni hiyo kwa wasee wa steji: kabla ya kubonyeza "weka dau", maliza chai. Wawili wamekubali. Mmoja wao hubonyeza hata hivyo, lakini anachelewa, na anakiri kwamba akichelewa huweka kidogo.

Kwa sasa tunacheza Jumamosi saa tisa alasiri nyuma ya duka la pembejeo, kwa meza ya mbao ambayo mguu mmoja tumeuwekea jiwe. Tuko mimi, mzee, na binti mmoja mwalimu wa chekechea anayehesabu kuliko sisi wote. Nafasi ya nne tunamwekea yeyote anayepita, na wiki iliyopita alipita dereva wa lori la maziwa, akaahidi duru tisa bila kujua maana yake, akazila zote tisa kwa njia mbovu kuliko zote nilizowahi kuona. Alisimama akitaka pongezi. Mzee akamwambia aketi, akazirudisha karata zilezile mikononi mwetu, na kumwomba azicheze tena.